Fuvu Moja, Sura Mbili

Mwanamume wa kwanza kunishika mashavu bila kuambulia kofi alikuwa Mpimaji. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, uso umepakwa jeli ya baridi mpaka masikioni, na yeye kanisogelea na kile kifaa cha ultrasound, kile kile wanachowapitishia wajawazito tumboni, anakigusisha shavuni kwangu taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Usicheke, mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Ukicheka nyama inapanda, na mimi nitaandika uongo." Sasa hapo nani angeacha kucheka? Nilicheka mpaka jeli ikaniingia mdomoni. Alisubiri nimalize, akanifuta kwa kitambaa, akaanza upya kuanzia kwenye paji la uso. Tulimaliza jua likiwa limeinama, na saluni yangu ilikuwa imefungwa tangu mchana, wateja wananitukana kwenye simu.

Mtaani kwetu Somanda, hapa Bariadi, kila mtu alimwita Mpimaji, watoto kwa wakubwa, na yeye aliitika. Kazi yake ya mshahara ilikuwa hospitalini, chumba cha ultrasound. Kazi ya moyo wake ilikuwa nyuso. Polisi wakipata fuvu la mtu asiyejulikana, hakuna nguo, hakuna simu, hakuna kitambulisho, walimletea yeye. Alitengeneza nakala ya fuvu kwa plasta, akabandika juu yake vijiti vidogo, kila kimoja na urefu wake: kwenye paji la uso kifupi, maana pale nyama ni nyembamba, shavuni kirefu, kidevuni cha kadiri. Kisha alijaza udongo wa mfinyanzi mpaka kwenye ncha za vijiti, na sura ya mtu ikaanza kutokea. Polisi waliipiga picha wakaisambaza, na kama bahati ipo, ndugu fulani anasema, huyu kama namfahamu. Hapo ndipo uchunguzi wenyewe unapoanza. Mpimaji alipenda kulirudia hilo: sura ya udongo haithibitishi mtu, inamwita ndugu tu.

Nakueleza haya mapema kwa sababu ukimtaja leo hapa mjini watu watakupa habari moja tu: ndiye aliyempa mama mmoja wa kijiji cha Kasoli maiti isiyo yake. Ni kweli, alimpa. Mtu wa watu alizikwa Kasoli kwa jina la mwingine, na wenyewe wakabaki wanamtafuta. Jambo hilo lilimkalia Mpimaji kifuani mpaka likambadilisha sauti. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo sitaki akumbukwe kwa hilo peke yake, ingawa najua siwezi kulificha. Na mimi mikono yangu imo.

Urefu wa vile vijiti ndio uliokuwa ugomvi wake na dunia. Vitabu alivyosomea vilikuwa na majedwali ya vipimo vya Wazungu, vya Wajapani, vya Waamerika weusi, lakini vya mtu wa huku hakuvipata. "Yaani nichukue nyama ya Mjapani nimpake Msukuma wa Itilima?" alikuwa akifoka, na mate yanamtoka. "Ndugu zake watamjuaje?" Basi akaamua kutengeneza jedwali lake mwenyewe. Alipima wauguzi, akapima wagonjwa waliokuja na mguu uliovunjika, akapima bodaboda wa stendi, akapima wakulima waliokuja mjini kuuza pamba. Ukimsalimia vibaya tu, keshakuomba uso wako.

Huku kwetu ukisikia mtu anapima vichwa vya watu, unajua maneno yatakayofuata. Wakasema ni frimasoni. Wakasema kila anayempima anamchukulia nyota. Mama mmoja wa genge alikuwa akimwona anapita, anajifunika uso kwa kanga mpaka apotee. Mpimaji hakukasirika. Siku moja alimwendea pale gengeni, akanunua nyanya, akamwambia, "Mayu, una mashavu mazuri, yana milimita za kutosha, Mungu akutunzie." Yule mama alilala njaa kwa woga, kesho yake akaja mwenyewe kuomba apimwe, ili kama ni nyota basi ajue imechukuliwa kiasi gani. Tulicheka wiki nzima. Mpimaji alimpima kwa heshima zote, akamwonyesha kwenye skrini: hii ngozi, hii nyama, huu mstari mweupe ndio mfupa. Tangu siku hiyo mama wa genge akawa ndiye wakala wake mtaani.

Alikuwa mkali kwenye kazi jamani, we acha tu. Mwanzoni aliwapima watu wamelala, kwa sababu kitanda ndicho kilichokuwepo. Akaja mnunuzi mmoja wa pamba, bonge la mtu, akalala pale na majeli yake, akajipiga picha kwa simu awatumie wake zake. Akaiangalia picha akashangaa: "Mpimaji, mbona nimerudi ujana?" Mpimaji akamnyang'anya simu. Akamkalisha kitini, akampiga nyingine, akaziweka pamoja. Mtu akilala, nyama ya mashavu inatiririkia masikioni, uso wa mbele unabaki mwembamba. Vipimo vyote alivyokuwa amekusanya mpaka siku ile vilikuwa vya watu waliolala! Alivitupa vyote. Miezi na miezi ya kazi, akaitupa, akaanza na yule yule bonge. "Mke wako hakukumbuki umelala chali," alimwambia yule bonge, kama alivyonisimulia mwenyewe. "Anakukumbuka umesimama mlangoni unaomba chakula." Mimi nilipimwa baada ya hapo, ndiyo maana nilikalishwa kwenye kiti.

Ukimtazama usingemdhania kuwa mtu wa mafuvu. Msibani hakuthubutu kwenda kuaga mwili. Alikaa nje na wanaume wenzake, akachangia, akabeba maji, lakini ikifika zamu ya kupita mbele ya jeneza unamkuta yuko nyuma ya nyumba anafunga kamba ya kiatu. Kichwa cha samaki hakula. Ukimpikia sato, kichwa anamsukumia mgeni, anasema yeye anapenda mkia, na mkia wenyewe anautoboatoboa tu. Chakula chake kilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga, asubuhi na jioni. Nilimtania kwamba siku akifa nitampima tumbo nikute viazi vimepangana kama matofali, akajibu, "Utanipima nimekaa, usije ukanilaza."

Alikuwa pia na tabia ya kukukodolea macho. Mnaongea bei ya mkaa, unaona macho yake yameganda kwenye taya yako, na wewe unajua kabisa hakusikii. Wasichana wangu pale saluni walimwogopa mwanzoni, wakadhani mzee ana mambo yake. Niliwaambia, huyo hata ukija umevaa gunia hawezi kukumbuka, anaona kidevu tu. Nywele hakuzielewa kabisa, ndiyo maana alinihitaji mimi. Kichwa kikikamilika aliniita nikivalishe nywele, iwe wigi, iwe vipande vya rasta, chochote. Malipo yangu yalikuwa michembe.

Ila ukali wake wote ulikuwa na mahali unapoishia. Ulikuwa unaishia kwa mgeni. Kwa Mpimaji hakuna aliyeachwa amesimama mlangoni. Chumba cha kazi kilikuwa uani kwake, maana hospitalini hapakuwa na nafasi ya kukaa na mafuvu, na kila aliyebisha hodi alipewa kigoda, maji ya kunywa, karanga, hata kama mikono ya mwenyeji ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Angeweza kugombana na daktari bingwa kwa ajili ya milimita mbili, lakini hakuweza kumwambia bibi wa jirani kwamba leo nina kazi. Nilimwambia mara nyingi, "Mzee, ipo siku atakuja mwizi utamkaribisha uji." Alijibu kwamba mwizi naye ana mama yake.

Sasa hapo ndipo mama wa Kasoli alipoingilia.

Ilikuwa kiangazi. Wachunga ng'ombe waliona fuvu na mifupa michache kingoni mwa mto Simiyu, maji yalipokuwa yamekauka. Afande mmoja wa upelelezi akamletea Mpimaji fuvu, na redio ikatangaza kwamba mwili usiojulikana umepatikana. Siku chache baadaye mama mmoja mtu mzima, mwembamba, kajifunga kitenge cha pamba kilichopauka, alibisha hodi uani. Mwanaye wa kiume alikwenda machimboni Geita, simu yake ikanyamaza. Hata mwaka ulikuwa haujapita. Alikuwa amekwenda kituoni, wakamwambia fuvu liko kwa mtaalamu, asubiri. Yeye hakusubiri. Aliuliza njia mpaka akafika.

Kuna mwiko kwenye kazi ile, na Mpimaji mwenyewe ndiye aliyenieleza. Kabla sura haijakamilika, ndugu yeyote haingii. Huangalii picha ya aliyepotea, husikilizi habari zake, kwa sababu fuvu halina pua, halina midomo, halina masikio. Pale mfupa umekaa kimya, mkono unakisia, na mkono ukishaona sura ya mtu unaiba. Aliyajua hayo kuliko ninavyoijua njia ya kwenda sokoni.

"Mwadila, mayu," alimsalimia, akampa kigoda.

Nilikuwepo. Angefanyaje? Mama mwenye umri wa mama yake, katoka Kasoli na vumbi lote lile miguuni, umwambie simama nje ya geti? Kwetu hilo ni tusi la kukumbukwa na wajukuu. Alimwambia tu, kwa sauti ndogo, "Mayu, naomba usiseme habari za mwanao, tafadhali." Na mama alitii. Siku ya kwanza alimenya karanga tu. Akarudi siku ya pili, na ya tatu, kila siku anakaa kwenye kigoda kile kile, anamenya, hasemi neno, na udongo unapanda taratibu kwenye plasta mbele ya macho yake.

Lakini mtu hawezi kukaa kimya na donge kama lile. Siku moja akasema mwanaye alikuwa akicheka peke yake akiwa analima. Kesho yake akasema pua ya mwanaye ilikuwa pua yake yeye, watu walikuwa wanasema umemfyatua huyu. Akacheka kidogo, akaifunika pua yake kwa mkono. Halafu akaona kile kifaa cha ultrasound, ambacho Mpimaji alikuwa amekileta nyumbani kutoka hospitalini, akauliza ni cha nini. Mpimaji akamweleza. "Basi na mimi nipime," akasema mama. Akampima. Alimkalisha kitini, akampaka jeli, akampitia uso mzima pole pole, paji la uso, pembeni mwa pua, mashavu, kidevu, kama alivyotupima sisi wote, kwa sababu hakuona namna ya kumkatalia. Mama alifumba macho. Nilimwona anavyojisikia vizuri kuguswa uso na mtu mpole, na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe, nikaona tendo lile ni la utu.

Nilipoitwa kuvalisha nywele nilisimama mlangoni nikashika mdomo. Pale mezani alikuwa mama wa Kasoli, katolewa uzee, kafanywa mwanamume. Mama akaniambia mwanaye alikuwa ananyoa kiduku. Nikamtengenezea kiduku. Nilipokiweka sawa, yule mama aliangua kilio cha "mwanangu" ambacho majirani walikisikia mpaka barabarani, nami nikalia naye, na Mpimaji alikuwa amesimama pembeni na udongo mikononi. Sidhani kama kuna siku aliwahi kujiona ana maana duniani kuliko siku ile.

Afande alipokuja kuiona sura, aliuliza habari za jino. Fuvu lilikuwa na jino la juu upande wa kushoto limekatika nusu. Mama alisema mwanaye alikuwa na meno mazima alipoondoka. Kisha akasema, "Labda alivunjia huko machimboni." Afande akamgeukia Mpimaji.

"Inawezekana," alisema Mpimaji.

Neno hilo moja. Baadaye alinieleza alichokuwa anakijua siku ile: kingo za lile jino zilikuwa zimelainika, zimelika kwa miaka ya kutafuna. Halikuvunjika mwaka ule wala mwaka uliotangulia. Aliliona, akalijua, akamwangalia mama usoni, akasema inawezekana. Kipande cha mfupa kilipelekwa maabara kupimwa vinasaba, jibu likachelewa, na lilipokuja likawa kwamba mfupa umeharibika kwa jua, hausomeki. Familia ilikuwa imeshaomba kuzika. Wakaruhusiwa. Tulikwenda Kasoli na Mpimaji, tukala wali wa msiba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipita mbele ya jeneza.

Msimu wa pamba uliofuata mtoto alirudi. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake mgongoni, mzima, kanenepa. Simu ilizama shimoni, akaona aibu kurudi mikono mitupu, akahamia machimbo mengine. Habari zenyewe ndizo hizo, za kijinga kama habari za vijana wote. Wanasema mama yake alimpiga makofi kwanza, ndipo akamkumbatia. Kijana alikwenda kuliona kaburi lake, akapigwa picha amesimama juu yake anacheka, picha ikazunguka kwenye simu za Simiyu nzima. Pale stendi bodaboda wakawa wakimwona Mpimaji wanamwita, "Mzee, nipime mimi ufufue mjomba wangu!" Utani, lakini una miiba.

Mama alikuja kumshukuru. Ndiyo, kumshukuru! Alikuja na kuku jike na debe dogo la mchele, akamwambia, "Bhabha, ulinitunzia moyo. Mwaka mzima nililala usingizi kwa ajili yako." Na kaburi, alisema, analipalilia bado, maana aliyelala pale keshamlilia, hawezi kumtupa. Mpimaji alipokea kuku kwa mikono miwili. Mama alipoondoka alinipa mimi kuku yule na mchele wote, akaingia chumbani akafunga mlango kwa ndani. Nilimpelekea supu. Aliniambia kupitia dirishani, "Kula wewe, mayu. Mimi nikimla yule kuku atanikaba."

Tangu hapo hakumpa mtu kigoda. Ulibisha hodi, ukajibiwa ukiwa nje. Alistaafu kimya kimya, bila hata keki. Uso wake ukaisha nyama, yeye aliyetupima wote, akabaki mifupa ya mashavu imesimama. Nilijua anafanya nini mle ndani, maana nilisikia anavyokanda udongo: ile nakala ya plasta alikuwa nayo bado, na alikuwa anaijenga upya, kwa vipimo vyake peke yake, bila mama wa mtu kukaa mbele yake.

Asubuhi moja aligonga saluni kwangu kabla sijafungua. Alikuwa amevaa shati la kanisani, mkononi kashika ndoo ya rangi yenye mfuniko.

"Nisindikize Lamadi," alisema. "Namtafuta mwanamke. Nikienda peke yangu watu watasema maneno."

Nilitaka kumtania kwamba uzeeni ndipo anakumbuka wanawake, lakini nilivyomwona macho nikaacha. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Wiki ile ile ambayo mama wa Kasoli alikuwa anamenya karanga uani, alikuja mwanamke mwingine. Alisimama getini na beseni la dagaa kichwani, akasema katoka Lamadi, ziwani. Mumewe alikuwa kuli wa kupakia marobota ya pamba, alikuja Bariadi msimu wa ununuzi, hakurudi. Alisikia redio kama wengine walivyosikia.

"Nikamtokea pale pale getini," alisema Mpimaji. "Sikumfungulia. Nikamwambia, huyu ameshapata watu wake."

"Wewe?" nilisema. "Wewe ndiye hukumfungulia mtu?"

"Yule mama alikuwa ndani, mayu. Alikuwa ameshakaa. Alikuwa anakula karanga zangu. Ningewaweka wapi, kwenye mkeka mmoja, niwaambie gombanieni kichwa?" Aliufuta uso kwa kiganja. "Niliona aibu mbele ya mgeni wangu. Nikamfukuza mwenye mtu."

Nilimkasirikia, nilimhurumia, vyote kwa pamoja, na nilijikasirikia mimi kwa kile kiduku. Nikamuuliza kama afande anajua. Alisema alikwenda kwake jana, akamweleza yote, la jino na la getini, na afande akamwambia kaburi litafukuliwa kwa amri ya mahakama, jino moja litang'olewa lipelekwe maabara, maana ndani ya jino vinasaba hudumu kuliko kwenye mfupa. Kilichobaki ni mtu wa kulinganisha naye. Nikafunga saluni.

Kwenye basi konda alimuuliza, "Mzee, ndoo ina nini?" Akajibu, "Kichwa cha mtu." Konda akacheka, akasema haya mzee, kishike vizuri basi kisimwagike. Mpimaji aliipakata njia nzima, mfuniko kaukandamiza kwa viganja vyote viwili.

Lamadi haikuwa kazi kumpata. Tuliuliza kwa wauza dagaa, mwanamke ambaye mumewe alipotelea Bariadi kwenye pamba, na msichana mmoja akatuonyesha kwa kidole. Alikuwa ameinama kwenye turubai anachambua dagaa, anatoa mchanga. Mwanamke wa makamo, mrefu, mikono inang'aa magamba. Aliinua uso akamwangalia Mpimaji kwa muda.

"Wewe si yule mzee wa getini?"

"Ndiye mimi, mayu."

Hakutukaribisha kukaa. Nilimsalimia, nikamweleza mimi ni nani, na kwamba mzee ana jambo la kumwambia. Mpimaji aliweka ndoo chini, katikati yao, lakini hakuifungua.

"Kabla sijakuonyesha kitu chochote," alisema, "niambie meno ya mume wako."

Mwanamke aliniangalia mimi, kama anayeuliza huyu mzee ana akili. Nikamwambia, "Mwambie tu, dada."

"Alikuwa na jino la juu, huku," akagusa mdomo wake upande wa kushoto, akaacha unga wa dagaa hapo. "Nusu. Alilivunja akifungua soda, tangu kabla hatujaoana. Nilikuwa namwambia akicheka afunike."

Mpimaji alifungua ndoo. Akakitoa kichwa, akakifungua kitambaa. Sikuwa nimekiona. Kilikuwa kipara, bila nywele, sura ya mtu nisiyemjua kabisa, hana hata chembe ya mama wa Kasoli, midomo kaiacha wazi kidogo ili jino lionekane.

Yule dada alichuchumaa. Alikiangalia mbele, akazunguka akakiangalia kwa upande. "Mashavu alikuwa hana hivyo," alisema. "Alikuwa amekonda." Akanyoosha kidole, akakigusa kidevu, akakirudisha kidole haraka. "Lakini ni yeye."

Mpimaji alimweleza. Alimweleza akiwa amesimama, mikono kaikunja mbele kama mtoto wa shule, kwa maneno ya kawaida, bila kuficha: kwamba mumewe kazikwa Kasoli kwa jina la kijana wa watu, kwamba polisi watafukua, watahitaji kumpima mmoja wa watoto wake kwa vinasaba ili iwe hakika, kwamba mpaka hapo asiamini udongo. Na kwamba mama wa kule amekuwa akilipalilia kaburi. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Dagaa zilikuwa zinakauka vibaya kwenye turubai, na mwenzake wa pembeni akaja akaanza kumgeuzia.

"Siku ile nilipokuja kwako," alisema. "Alikuwa humo ndani?"

Niliomba moyoni adanganye. Kweli niliomba.

"Alikuwa ndani," alisema Mpimaji. "Mezani. Mlango ulikuwa wazi."

"Ningeingia ningemjua?"

"Midomo nilikuwa sijaiweka bado. Jino lilikuwa linaonekana."

Yule dada aliinuka. Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akakichukua kile kitambaa kutoka mkononi mwa Mpimaji bila kumwangalia, akakifunika kichwa vizuri mpaka shingoni, akakipakata. Kisha akanigeukia mimi, akawa anaongea na mimi tu.

"Dada," akasema, "gari la kwenda huko Kasoli napandia wapi?"